Mkono wa Darasa

Pale hospitalini walimwita Mama Mkono, na hawakuwa wakimtukana. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Kuna watu wanaojulikana kwa cheo na wengine kwa domo. Yeye alijulikana kwa mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ukidondosha hapo tone la dawa ya kupimia vumbi la nyumbani, ukatoboa ngozi kidogo kwa kisindano, dakika kumi na tano hazipiti kabla kivimbe hakijainuka, cha duara, chenye ukingo safi wa kupimika kwa rula. Tone la paka, kivimbe. Tone la mende, kivimbe kikubwa zaidi, na hapo ndipo alipozoea kuwachekesha wanafunzi: "Mende na mimi ni kesi ya zamani."

Wanafunzi wenyewe walikuwa madaktari wazima, wenye ndevu na wenye watoto. Walikuja mara mbili kwa mwaka kutoka nchi saba, wakakaa majuma mawili, wakajifunza maradhi ya mzio, yaani mwili kugombana na kitu ambacho miili ya wenzake imekizoea. Huko walikotoka, mtu anayepiga chafya mwaka mzima huambiwa ana mafua sugu, na mtoto anayevimba midomo kila akila yai huambiwa anadeka. Mafunzo yale ya kanda yalikuwa ya maana, tusilifiche hilo kwa sababu ya hasira zetu. Wengi walirudi makwao wakaokoa watu.

Aliyeyaanzisha alikuwa Daktari, na Daktari alikuwa mtoto wa dada yake Mama Mkono.

Dada alifariki mtoto ana miaka sita. Mama mdogo akamchukua siku ile ile, kabla wakubwa hawajamaliza kujadiliana nani ana nafasi nyumbani. Wakati huo alikuwa fundi wa makochi, tena fundi hasa, si wa kubabaisha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliotazama barabara. Watu walimletea makochi yaliyozama. Aliyachana, akakung'uta sponji iliyogeuka unga, akakaza mikanda, akapigilia kitambaa kipya kwa stepla, na kochi likarudi kwa mwenyewe limenyooka mgongo. Mtoto alifanyia hesabu zake juu ya kochi lisilo na kitambaa, kisha akatoka nje kucheza. Vumbi lilibaki ndani na mama mdogo. Alilivuta kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa makochi hayo mtoto akasoma, akaenda kusoma tena ng'ambo, akarudi anaitwa Daktari.

Wakati anarudi, mama mdogo pua ilikuwa haikauki, macho mekundu, na kifua kinapiga filimbi jioni. Daktari alimpima kabla hata hajafungua maboksi yake yote. Akautazama mkono ule, akapima, akapima tena, akacheka kwa furaha. "Mama, wewe ni hazina," akamwambia. Na yeye akacheka, maana si kila siku mtu mwenye mafua anaitwa hazina. Mwaka uliofuata darasa la kwanza likafunguliwa, na mkono ukaanza kazi.

Ilikuwa kazi, usidanganyike kwamba ni kukaa tu na kunyoosha mkono. Vidonge vya mzio huzuia kivimbe kisiinuke, kwa hiyo kila muhula ulipokaribia ilimbidi aache vidonge siku saba kabla. Siku hizo saba hakuna aliyeziona. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kitambaa cha pua mkononi. Akifagia anapiga chafya, asipofagia anapiga chafya vilevile. Siku ya nane alioga, akavaa gauni lililopigwa pasi, akaenda kunyoosha mkono kwa watu wa nchi saba akitania habari za mende.

Miaka minne iliyopita kifua kilimzidi. Mteja alimkuta ameinama mlangoni mwa karakana, ameshika magoti, hawezi hata kumwambia karibu. Mama Mkono akaenda ofisini kwa Daktari, akakaa kiti cha mgonjwa.

"Mwanangu, niambie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ipo dawa ya kunirudisha kazini, au nifunge?"

Daktari alitazama meza. "Dawa ya vumbi ipo nchi za watu huko. Kwetu haijafika. Funga, Mama. Afya kwanza."

Akafunga. Nyundo na mikasi aliwagawia mafundi wa mtaa wa pili, cherehani akaiuza, na siku aliyorudisha funguo alilia barabarani mchana kweupe, mtu ambaye hata msibani watu walimtegemea awanyamazishe wengine. Daktari alimtunza, lazima tuseme. Kodi ya nyumba, chakula, simu kila Jumapili bila kukosa. Lakini fundi aliyekalishwa hana raha. Kila alipokwenda kwa mtu alikaa ukingoni mwa kochi, akisikiliza springi zinavyolalamika chini yake, na vidole vikamwasha. Kitu kimoja tu alikuwa akikitamani katika maisha yake, nacho ni kurudi kwenye kazi yake angalau miaka michache kabla nguvu hazijamwisha.

Mara moja alisikia kwa mgonjwa mwenzake kwenye foleni kwamba kuna sindano. Akauliza. "Hizo ni za watoto, Mama," Daktari akamjibu. "Kwa umri wako zinaweza kukulaza moja kwa moja." Akaamini. Utaachaje kumwamini mtu uliyemfundisha kufunga kamba za viatu?

Muhula wa kumi na mbili ulikuja na presha yake. Wakaguzi watatu walikuwa njiani kutoka nje, kuamua kama mafunzo yale yatapewa hadhi ya chuo, ili cheti chake kikubalike katika nchi zote saba. Alhamisi ilikuwa ya mazoezi, Ijumaa ya mtihani mbele ya wakaguzi. Daktari alikonda wiki ile. "Mama, kesho kutwa nakutegemea wewe kuliko mtu yeyote," alimwambia kwenye simu, na Mama Mkono akajisikia vizuri, ingawa pua ilikuwa imeziba kabisa.

Alhamisi asubuhi wakamchoma. Mmoja wa wanafunzi, daktari wa kike mrefu, mpole wa sauti, alipima kila kivimbe mara mbili, kwa urefu na kwa upana, kisha akarudia kile cha mende kwa sababu hakujiamini. Mama Mkono akampa jina papo hapo: Binti wa Rula. Wenzake wakacheka, na mwenyewe akacheka akiandika namba zake.

Kila muhula, vipimo vikishasomwa, muuguzi humwambia, "Sasa Mama, nenda kanywe chai," naye huenda kantini saa nzima, darasa likiendelea na masomo yake. Aliichukulia kuwa heshima. Alhamisi hiyo kantini ilikuwa imefungwa, inapigwa rangi, na harufu ya rangi ilimfikia toka mwanzo wa korido ikamkaba koo. Akageuka. Akaingia darasani kwa mlango wa nyuma, taratibu, akakaa juu ya kitanda cha kupimia nyuma ya pazia, mkono wenye vivimbe ukiwa umepumzika pajani. Hakuwa na nia ya kusikiliza. Alitaka tu kupumzisha mgongo.

Daktari alikuwa mbele anafundisha, na alifundisha vizuri. Mama Mkono alijikuta anatabasamu. Sauti ile aliijua tangu ikisoma jedwali la kuzidisha.

"Sasa matibabu," Daktari alisema. "Vidonge vinazima dalili tu. Sindano hizi zinaufundisha mwili. Unampa mgonjwa kile kile kinachomsumbua, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mitatu, mpaka mwili uache ugomvi. Hapa tunazo kwa miaka minne na ushee sasa. Tumeshawaanzishia watu zaidi ya themanini."

Miaka minne na ushee. Mama Mkono alianza kuhesabu nyuma, kutoka siku ya funguo.

"Nani anafaa? Mwenye kipimo kisicho na shaka. Mwenye vidonge visivyomtosha. Na hasa yule ambaye vumbi limo kwenye kazi yake, kwa sababu huwezi kumwambia tu mtu aache kazi ukadhani umemtibu."

"Na umri?" Ilikuwa sauti ya Binti wa Rula.

"Umri peke yake si kizuizi. Mgonjwa wetu mkubwa kuliko wote ana miaka sitini na nane."

Mama Mkono alikuwa na hamsini na saba.

"Kumbe," Binti wa Rula akasema. "Basi Mama Mkono yuko sindano ya ngapi?"

"Yule hatujamwanzishia."

"Kwa nini, Daktari?"

"Fikiria mwenyewe. Ukimtibu, vivimbe vinapungua, mkono unanyamaza. Mkono kama ule nitautoa wapi tena?"

Wawili watatu wakacheka, kicheko cha darasani tu, kisicho na ubaya. Nyuma ya pazia Mama Mkono alikaa vile vile alivyokuwa amekaa. Kikulacho ki nguoni mwako: msemo huo alikuwa ameutumia maisha yake yote, kwa majirani, kwa wateja, kwa ndoa za watu, na haukuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja utamkaa yeye. Aliumia. Hakuna neno zuri zaidi la kusema hapo. 

Angeweza kubaki kimya pale mpaka watoke, lakini alikuwa na siku nane bila vidonge, na chafya haina adabu. Alibana pua kwa vidole viwili. Ikamshinda. Ikaja ya kwanza, ya pili, na ya tatu iliyotikisa kitanda.

"Pole," mtu mmoja akasema kwa mazoea.

Mama Mkono akashuka, akasogeza pazia. Aliwaona wote wamegeuka, na mtoto wa dada yake amesimama mbele na kalamu ya ubao mkononi. "Samahani, wanangu," akawaambia wanafunzi. "Kantini imefungwa." Akachukua mkoba wake akatoka.

Daktari alimfikia kwenye korido, akamwingiza ofisini, akafunga mlango.

"Mama, sivyo kama ulivyosikia."

"Nimesikia kama ulivyosema."

"Mwanzo zilikuja chupa kumi. Kulikuwa na watoto wanabanwa vifua, Mama. Ningekutanguliza wewe watu wangesema nini?"

"Sawa. Na chupa ya kumi na moja?"

Daktari alikaa, akasimama, akakaa tena. Akaeleza. Kila muhula alisema huu ukiisha nitamwanzishia, na kila muhula ulipoisha kulikuwa na mwingine mlangoni. Madaktari zaidi ya mia na thelathini walikuwa wamejifunza kwa mkono ule. Hebu apige picha, kila mmoja wao anaona wagonjwa wangapi. Alisema mengi, na kwa bahati mbaya mengi yalikuwa kweli.

Mama Mkono alimwacha amalize. Hakuwahi kumkatiza tangu akiwa mdogo.

"Ungeniomba," akasema mwishowe. "Ungekuja nyumbani ukaniambia, Mama, dawa ipo, lakini nakuomba uniachie mkono miaka miwili. Ningekataa?"

"Usingekataa."

"Unajua?"

"Najua, Mama."

"Basi kwa nini uliiba kitu ambacho ungepewa?"

 Daktari alifuta miwani yake kwa ncha ya koti jeupe, akaivaa, akaivua. Wahenga wanasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani, na Mama Mkono alikuwa amekwenda zake muda mrefu tu. Hakungoja shukrani yoyote. Asichokuwa akikijua ni kwamba mtu anaweza kukufuata huko huko ulikokwenda akachukua na kilichobaki. Karakana yake. Aliifunga kwa neno la mtoto huyu, dawa ikiwa ndani ya friji ukuta wa pili.

"Nivushe kesho tu," Daktari akasema kwa sauti ya chini. "Jumatatu tunaanza. Naapa."

"Na nisipokuja kesho?"

Alitazama chini. "Wakaguzi wameshafika hotelini, Mama."

Huenda alimaanisha kwamba Jumatatu ipo kwa vyovyote vile. Huenda. Lakini hakusema, na Mama Mkono alimpa muda wa kutosha wa kusema. Alisubiri hadi muuguzi akagonga mlango na kuingia na mafaili, ndipo akanyanyuka akaenda nyumbani.

Jioni kifua kilianza kupiga filimbi. Vidonge vilikuwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria, alikovificha ili asivione kwa siku zile saba. Alikunywa kimoja kwa maji. Asubuhi akanywa kingine. Wapo watakaosema alilipiza kisasi, na mimi sitagombana nao, ila najua alikuwa anaumwa, dawa ilikuwa karibu, na hakukuwa tena na mtu wa kumwekea mkono ule. Akaoga, akapiga pasi gauni la kijani, akaenda. Wanafunzi wale hawakuwa wamemkosea, na hakutaka wamkose.

Wakaguzi walikuwa watatu, mmoja mzee mwenye kalamu nene. Daktari alisimama kando ya friji la dawa. Alipomwona anaingia mabega yake yalishuka kwa nafuu, na Mama Mkono aliliona hilo likamuuma upya. Kura ilimwangukia Binti wa Rula kuanza.

Alipanga matone manane kwenye mkono, moja likiwa lile ambalo lazima liinue kivimbe kwa kila binadamu, ili ijulikane ngozi iko macho. Akachoma. Saa ikawekwa. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Mkono ulibaki laini mtupu: hakuna cha vumbi, hakuna cha paka, hata mende alikuwa amefanya suluhu. Hata lile tone la kila binadamu halikuinua kitu. Daktari alikuja akasogeza taa, kisha akarudi kwenye friji, maana alikuwa ameshaelewa.

Mwanafunzi mwingine angeandika hana mzio, akajimaliza. Binti wa Rula aliweka rula chini.

"Mama, umemeza kidonge cha mzio?"

"Ndiyo. Jana jioni na leo asubuhi."

"Kwa nini, Mama?"

"Kifua kilinibana."

"Kipimo hakisomeki," Binti wa Rula akawaambia wakaguzi. "Dawa imekizuia. Siwezi kusema ana mzio au hana."

Mzee mwenye kalamu nene aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ndiyo jibu. Endelea na historia yake."

Akavuta fomu. Alikuwepo jana, na alijua anachoelekea kuuliza. "Kazi yako, Mama?"

"Fundi wa makochi."

"Unaifanya bado?"

"Nilifunga. Ni miaka minne sasa. Niliambiwa dawa haijafika."

"Umepimwa mzio mara ngapi?"

"Huu ni muhula wa kumi na mbili. Kila muhula wananichoma wote, kwa hiyo hesabu mwenyewe."

"Na sindano za matibabu, umepata ngapi?"

"Hata moja."

Kalamu ya mzee ilisimama. Wakaguzi wengine wawili waliinua vichwa vyao, wakamtazama Daktari. Kilichobaki kwenye fomu kilikuwa mstari mmoja, ule ambao kila mgonjwa huulizwa katika kila hospitali, na Binti wa Rula aliuuliza kwa upole kuliko yote.

"Daktari wako ni nani, Mama?"

Mama Mkono aliutazama mkono wake, umelala mezani na alama za wino za namba moja hadi nane. Miaka yote hiyo wamemjua kwa mkono huo, na swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sina," akasema.

Binti wa Rula alishusha kalamu. Hilo halikuwa sehemu ya mtihani tena. "Hospitali yetu tunaanza sindano mwezi ujao," akasema. "Ni ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa nne kwa basi, na utakuja mara nyingi. Ukikubali, naandika jina langu hapa."

"Saa nne si mbali," Mama Mkono akasema. "Ikifika miaka mitatu nitakuwa na sitini. Nitaweza bado kukaza mikanda?"

"Utaweza, Mama."

"Basi andika. Na uniambie basi lenyewe linaondoka saa ngapi."

"Mama mdogo," Daktari aliita kutoka kwenye friji. Wakaguzi wote watatu wakageuka kuona ni mama mdogo wa nani.

"Subiri kidogo, mwanangu," akamwambia bila kugeuka. "Naongea na daktari wangu."